Gari la Swabir Linakunywa Maji

Gari kuukuu likivuja, mwenyewe hasemi neno. Atatia dumu la maji nyuma ya kiti, atasimama Kombani alinyweshe, atasimama Waa alinyweshe tena, na maisha yataendelea. Lakini gari jipya! Gari ambalo nailoni za milangoni bado hazijabanduliwa na harufu ya dukani bado imo ndani, hilo likianza kupunguza maji, mwenyewe hana raha wala hamu ya chakula. Na gari la Swabir wa Msambweni lilikuwa jipya kiasi hicho hicho.

Swabir hakulipata gari lile kwa bahati nasibu. Tangu ujana wake alikuwa dereva wa hoteli moja ya Diani, akiendesha magari ya watu na kuyaosha kwa mapenzi ya mtu anayemwogesha mtoto wa jirani: atamsugua vizuri, atampaka mafuta, lakini jioni mtoto hurudi kwao. Sharubu zilimwota barabarani na mvi zikamkuta barabarani. Ndipo alipopata lake, jeupe, la viti saba, kutoka kwa kampuni moja ya Mombasa, akafanya mkataba na hoteli ile ile awe anawachukua wageni kwa gari lake mwenyewe. Gari lilikuja na waranti, na waranti ilikuja na sharti: fundi yeyote wa nje akifungua hata nati moja, waranti imekufa na wala haiswaliwi.

Siku lilipofika nyumbani, mama yake, Bi Mbodze, alisema halitoki uani mpaka lisomewe. Basi mwalimu wa madrasa akaja akasoma dua, chetezo cha udi kikapitishwa ndani na nje, wanawake wakapiga vigelegele, na boneti ikafunguliwa ili kila mtu aione injini, hata wale wasiojua injini na jiko la makaa. Tsuma naye alikuwepo. Huyu Tsuma ni Mduruma wa kule Taru, fundi wa magari pale Ukunda. Aliletwa Msambweni kusoma sekondari akiwa hana ndugu pwani nzima, akapata pa kulala kwa Bi Mbodze, kitanda kimoja na Swabir, sinia moja na Swabir, mpaka walipomaliza shule. Bi Mbodze alikuwa akiwatambulisha hivi: "Huyu wangu niliyemzaa, na huyu wangu niliyemlisha." Siku ile Tsuma alilizunguka gari, akapiga kofi moja kubwa, akasema, "Swabir! Gari hili ni zuri mno! Gari hili litawatoa watu macho!" Akacheka kwa sauti. Wazee wawili wakakohoa. Tsuma hakusema mashallah, kwa kuwa yeye ni mtu wa kanisani na kwao mtu akisifu kitu anakisifu tu. Swabir hakulijali jambo hilo. Pilau ililiwa, watu wakatawanyika.

Haukupita mwezi, maji yakaanza kupungua.

Injini za siku hizi hazinywi maji ya kisimani, bali kulanti, na ya gari hili ilikuwa ya rangi ya waridi, ikikaa katika chupa nyeupe yenye mistari miwili, wa juu na wa chini. Asubuhi moja Swabir aliikuta imeshuka chini ya mstari wa chini. Akaongeza. Baada ya siku chache imeshuka tena. Akatandika maboksi chini ya gari, usiku kucha, akitarajia kuona japo tone. Maboksi yalibaki makavu kama yalivyotandikwa. Akachungulia bomba la moshi, hakuna moshi mweupe. Akatazama oili, safi. Hapakuwa na chochote isipokuwa harufu: kila aliposimama baada ya safari ndefu, upande wa mbele ulitoa harufu tamu kama sukari inayoungulia sufuriani, kisha harufu ikapotea, na hapo ndipo hasira ilipompanda, maana mtu hawezi kumshitaki mwizi kwa harufu.

Mtu wa kwanza kumwendea alikuwa Tsuma, na nani mwingine? "Sitaki ufungue kitu," alimwambia. "Tazama tu. Waranti bado."

Tsuma alicheka. "Hii waranti yako ni kama mke wa mtu. Haya, nitamtazama tu, sitamgusa."

Akainua boneti, akainama, akapeleka tochi huku na huku. Kisha akapeleka mkono kwa chini, nyuma ya ile chupa nyeupe, pale pasipofikiwa na jicho. Mkono ukakaa huko kidogo. Ulipotoka, kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwake. Akajifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, akateremsha boneti.

"Sioni kitu," alisema. "Lipeleke kwa wenyewe."

"Hata chai hatunywi?"

"Nina kazi, Swabir."

Swabir akaondoka na donge. Fundi gani huyu anayetazama gari la nduguye kwa dakika tatu na kumfukuza? Lakini hakulitia maanani sana, akavuka Likoni na gari lake mpaka Mombasa.

Pale kwenye kampuni alipokewa na kijana wa bara, Elijah, shati limenyooshwa, kompyuta ndogo kiganjani. "Boss, tulia," Elijah alimwambia. "Hii gari bado ni mpya kabisa. Tutaiweka kwa machine, tuone kama kuna code." Wakalichomeka nyaya, mashine ikasema gari ni zima. Wakapiga pampu ya upepo kwenye chupa ya kulanti, gari likiwa limepoa baada ya kungoja tangu asubuhi, na sindano ya geji ikasimama pale pale bila kutikisika. Mwisho wakamwita fundi mmoja mtu mzima, Ramadhani, kofia kichwani, ambaye naye alipeleka mkono nyuma ya chupa. Swabir alikuwa akimtazama kupitia kioo cha chumba cha wageni. Alimwona Ramadhani akiurudisha mkono upesi, midomo ikisema kitu kama bismillahi, kisha akageuka na kumtazama yeye Swabir, tazamo la mtu anayempa mwenzake heshima yake. Akaifunga boneti taratibu kwa mikono miwili.

"Imepita test zote," Elijah alisema. "Leak hakuna."

"Na kulanti inakwenda wapi?"

"Labda ni hii joto ya Coast, boss. Ama unapima gari ikiwa moto."

Swabir alitaka kumwambia kwamba amepima maji ya magari tangu Elijah akinyonya, lakini akatia saini alipoambiwa atie, akarudi zake. Wiki mbili baadaye akavuka tena. Majibu yale yale, na safari hii hata soda hakupewa. Akawa akirudi kwenye kivuko anazungumza peke yake, na mwanamke mmoja aliyebeba kuku akasogea pembeni.

Wakati huo kulanti ilikuwa imezidi kupungua. Mwanzo alikuwa akiongeza mara moja kwa wiki, sasa ikawa kila kukicha. Baada ya kuswali alfajiri alifungua boneti, akatia kulanti, akaiacha wazi na kuingia ndani kunywa chai, kisha akatoka akaifunga na kwenda kazini akiwa amenuna. Mkewe, Hanifa, alijua kuwa asubuhi si wakati wa kumwambia habari za unga kwisha.

"Ni nani aliyetia mkono humo ndani?" Bi Mbodze alimwuliza siku moja, akiwa kwenye mkeka wake barazani.

"Watu wa kampuni, mama."

"Kabla ya wao?"

"Tsuma tu."

Bi Mbodze akavuta kanga yake begani. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," akasema.

Neno likiingia sikioni mwa mtu mwenye hasira halitoki. Swabir alilala nalo, akaamka nalo. Alikumbuka mkono wa Tsuma uliokaa kule nyuma ya chupa. Alikumbuka vidole vikifutwa kimoja kimoja. Alikumbuka kwamba kulanti ilizidi kupungua baada ya siku ile, siyo kabla. Tsuma naye ana gari gani? Hana, ana pikipiki. Fundi akitaka kukukomoa hahitaji nyundo, sindano inatosha. Swabir aliyafukuza mawazo haya na yenyewe yakarudi na ndugu zao.

Kisha siku moja, akiwa na wageni wanne wa hoteli na mizigo yao, karibu na Gazi sindano ya joto ikapanda mpaka juu. Akasimama kando ya barabara. Wageni wakashuka juani, mwanamke mzee kati yao akajifunika uso kwa gazeti, na Swabir akasimama mbele ya boneti inayofuka huku akisema pole, pole sana, kama mtu aliyefiwa. Gari la hoteli likaja kuwachukua. Mkuu wa usafiri akampigia simu akamwuliza kwa upole mbaya kabisa, "Swabir, si ulituambia gari ni jipya?"

Lilipopoa akalinywesha, akaendesha moja kwa moja mpaka Ukunda, kwenye gereji ya Tsuma. Palikuwa na wateja watatu na mama muuza mahamri. Hakusalimia. Mtu aliyelelewa na Bi Mbodze, asiyepita hata kaburi bila salamu, siku ile hakusalimia.

"Ulifanya nini ndani ya gari langu?"

Tsuma alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu. Akainua kichwa.

"Nakuuliza wewe! Nilikupa gari langu ulitazame, na tangu ulitie mkono halijawa zima. Umelitoboa wapi? Kama ulikuwa na wivu si ungeniambia? Mimi na wewe tumekula sinia moja, Tsuma, leo unanifanyia hivi?"

Mama wa mahamri akatazama chini. Tsuma akasimama, akaifuta mikono yake kwenye surupwenye, akamtazama Swabir kwa muda, na wote pale wakangoja atukane au acheke au angalau aape kwa Mungu wake. Hakufanya lolote.

"Sawa, Swabir," alisema. "Umesema." Akapiga magoti tena kwenye gurudumu lake.

Swabir akaondoka akijiambia kwamba mtu asiyejitetea amekiri. Alijiambia hivyo kutoka Ukunda mpaka Mwabungo. Kutoka Mwabungo mpaka Msambweni akaanza kusikia sauti yake mwenyewe ilivyokuwa pale gerejini, na haikumpendeza. Ndugu wa kuzaliwa hakuwa naye hata mmoja. Kama Tsuma ana hatia, amempoteza. Kama hana, amempoteza kwa aibu. Akaona hana budi apate palipovuja kwa macho yake mwenyewe, hata ikimlazimu aingie ndani ya injini na viatu.

Kesho yake hakwenda kazini. Akalitoa gari uani kwenye mwanga, akaifuta mipira yote ya maji kwa kitambaa kikavu, kiungo kwa kiungo, mpaka pasibaki unyevu. Kisha akaingia chumbani na kutoka na kopo la poda ya Hanifa.

"Poda yangu?" Hanifa alimfuata mlangoni. "Gari linakwenda arusini?"

"Niache, Hanifa."

Akaipaka injini poda: rejeta, mpira wa juu, mpira wa chini, kandokando ya pampu, kila klipu na kila kiungo, mpaka injini ikawa nyeupe kama mwali. Akaiwasha, akafungulia kiyoyozi mpaka mwisho, akaiacha ingurume mpaka feni ilipoanza kupiga kelele na geji ikapanda. Wala hakuizima. Aliona sasa kosa la Mombasa: wao walipima gari likiwa limepoa na limelala, naye mwizi wake ni wa kutembea kwenye joto. Akatazama rejeta, kavu. Mpira wa juu, mkavu. Pampu, kavu. Jasho lilimtiririka mpaka poda ikamganda kwenye nyusi, na alikuwa karibu kulitupa kopo ukutani, alipoona chini ya ile chupa nyeupe mstari mwembamba wa waridi ukishuka katikati ya weupe.

Ukafika kwenye kinga ya plastiki iliyoziba tumbo la gari. Humo ndani palikuwa na ukoko wa waridi uliokauka, kulanti ya miezi, iliyokuwa ikidondoka na kukaushwa na joto kabla haijafika ardhini. Ndiyo maana maboksi hayakulowa. Swabir akaguna. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: akazima injini, akasubiri ipungue moto, akainama mpaka shavu likagusa bati, akapenyeza mkono nyuma ya chupa.

Vidole viligusa kitu ambacho hakikuwa cha injini.

Kilikuwa laini, kidogo, kimeshonwa. Akapenyeza simu yake kwa chini akapiga picha, akaivuta na kuitazama. Ilikuwa hirizi. Hirizi ya ngozi nyeusi, imefungwa kwenye mpira mwembamba unaotoka chini ya chupa, imefungwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, mizunguko kwa mizunguko, fundo juu ya fundo, na mafundo mengine mapya juu ya yale ya zamani. Mshipi ule umekazwa mpaka umezama ndani ya mpira. Injini ikitetemeka nao unakereza. Gari likipata moto, mpira unalainika na kulanti inapenya chozi chozi. Likipoa, mshipi ule ule unaubana mkato wake mwenyewe, nayo geji ya Mombasa inasimama bila kutikisika.

Ndipo alipomwelewa Ramadhani na bismillahi yake. Mtu wa pwani gani atathubutu kuishika hirizi ya mtu mwingine, aifungue, aandike kwenye karatasi ya kampuni kwamba kinga ya mteja imekata mpira? Alifunga boneti kwa heshima. Swabir akaanza kucheka, kicheko kikavu kisicho na furaha, huku poda ikimdondoka usoni. Kisha kicheko kikakatika. Tsuma naye alipeleka mkono huku. Tsuma naye aliishika. Na Tsuma, aliyelisifu gari mbele za watu bila mashallah na kukoholewa na wazee, angedhani hirizi hii imefungwa kwa ajili ya nani?

Alifungua mafundo kwa kucha na koleo, bila kukata, maana hata katika hasira yake hakuwa na ubavu wa kuikata. Ilimchukua muda mrefu na ngozi ya vidole viwili. Akaenda barazani, hirizi kiganjani inadondosha kulanti.

Bi Mbodze alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Akatazama kiganja, akaacha kukuna.

"Umeikata?"

"Nimeifungua, mama. Ni wewe?"

"Ni nani mwingine wa kukutazamia?" Hakuonyesha wasiwasi wowote. "Nilikwenda Bodo kwa sharifu, akaniambia ikae pasipoonekana. Siku chache baada ya dua, ulipoacha boneti wazi ukaingia kula, nikaiweka. Mkono wangu ni mwembamba, unapita."

"Na haya mafundo mapya?"

"Uliposema maji yanapungua nikajua jicho limezidi nguvu. Nikaikaza. Kila ulipoingia kunywa chai nilikwenda kuitazama, ikilegea naikaza."

Mtu hamkemei mama yake. Swabir akageuka, akatembea mpaka nyuma ya choo, akaipiga teke ndoo tupu, ndoo ikagonga ukuta ikarudi ikamgonga muundi wake. Akasimama pale akiwa ameshika mguu, akitamani kulia kwa uchungu, si wa mguu. Mama amelinda gari mpaka amelitoboa. Na kadiri lilivyovuja ndivyo alivyolinda. Kwa nani atakwenda kushitaki?

Akarudi, akachutama mbele yake. "Mama, mshipi umekata mpira. Hapakuwa na jicho. Ni huu mshipi."

"Mshipi huo hutoa chewa mzima majini haukati mdomo wake, utakata mpira wa gari?"

"Mama, ulikuwa unamkinga nani?"

Bi Mbodze akakitazama kifuu mkononi mwake. "Tsuma alilisifu vibaya siku ile."

"Tsuma ni mwanao!"

"Kwani nimesema si mwanangu?" Sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Jicho halina nia, Swabir. Mtu anaweza kukupenda kwa moyo wake wote na jicho lake likakuchoma. Mimi simchukii, nilimlisha kwa mkono huu. Nilimwombea na yeye humo humo, jina lake limo humo pamoja na lako." Akainyoosha mikono kuipokea hirizi, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Usimwambie. Tafadhali, mwanangu. Ataona namwogopa. Mtoto akishajua mama yake anamwogopa, hana kwao tena."

Swabir akaendesha polepole mpaka Ukunda, akisimama kila mara kuongeza kulanti. Njiani alitunga maneno mengi mazuri. Alipofika yote yakamtoroka.

Gereji ilikuwa tupu, mteja hakuna. Tsuma alikuwa akila muhogo wa kukaanga kwenye benchi. Hakumkaribisha.

"Hujambo, Tsuma."

"Leo unasalimia."

"Nimepata palipovuja. Mpira wa chini ya chupa. Umekatwa na mshipi."

"Mshipi wa hirizi," Tsuma alisema, akiendelea kutafuna.

"Uliiona."

"Niliishika."

"Sasa kwa nini hukuniambia, bwana? Ningelijua siku ile ile! Nimevuka Likoni mara mbili, nimeaibika kwa wageni, nimekutukana mbele ya watu, na wewe ulikuwa unajua!"

Tsuma akaiweka sahani chini. "Ningekuambia nini? Kwamba nimeona kinga uliyoniwekea? Mimi ndiye niliyelisifu, mimi ndiye mtu wa Taru asiyejua kusema mashallah. Siku niliyoishika nilikwenda nyumbani sikula. Nikasema, labda atakuja aniambie mwenyewe. Ukaja. Ukaniambia nimelitoboa." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani aliyeifunga?"

Lori lilipita barabarani, likawapa muda. Swabir aliutazama uso ule aliokuwa akiuona kitandani, kwenye mto wa pili, tangu siku za shule. Akiutaja ukweli, atasamehewa yeye papo hapo, na Tsuma atabaki bila mama pwani nzima. Akaona jinsi mambo yasivyokuwa na haki hata kidogo, na hasira yote ya miezi ile ikamjaa kifuani bila mtu wa kumtupia.

"Mimi," alisema. "Niliifunga mimi. Upumbavu. Nisamehe."

Tsuma akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Akainuka, akaenda kwenye gari, akainua boneti. Alipoiona ile poda alisimama kidogo, lakini hakucheka.

"Hapa dawa ni kukata kipande kilichoharibika na kuurudisha mpira kwenye klipu. Urefu unatosha. Lakini nikiufungua, waranti yako imekufa. Lipeleke Mombasa."

"Fungua wewe."

"Swabir, usije ukaniambia kesho—"

"Fungua, Tsuma. Waranti na ife."

Tsuma akachukua kisu na bisibisi. Akalegeza klipu, akatega beseni, akakata ule mpira pale palipoliwa na mshipi, akausukuma mahali pake na kuubana. Swabir alishika chupa ya kulanti akamimina alipoambiwa amimine. Waliwasha injini wakangoja ipate moto, mmoja upande huu wa boneti, mwingine upande ule. Hapakuvuja hata tone.

Tsuma akaikaza klipu mara ya mwisho. Kichwa chake kilikuwa bado kimeinama ndani ya injini aliposema, "Afadhali ni wewe."

"Afadhali vipi?"

"Nilikuwa silali nikidhani ni mama." Akavuta pumzi ndefu, akaifunga boneti. "Mwambie Ijumaa nitakuja kumwamkia, nimekaa siku nyingi sijala chakula chake. Kwake nitakuja. Wewe, tutaona."